Krediti Nne za Mawe

Marlys Koskela amevua glavu moja tu.
Ya pili ameiacha mkononi, kama mtu asiyekusudia kukaa.
Theluji ya Duluth inayeyuka kwenye buti zake
na kuchora ramani juu ya zulia la ofisi yangu.

"Nisomee wewe," anasema. "Mimi nimeisoma mara tatu
na kila mara nakasirika mahali palepale."

Namsomea.
Shahada ni krediti mia moja na ishirini.
Arobaini kati ya hizo hazina habari na uhasibu.
Ni za kila mtu: anayetaka kuhesabu fedha,
anayetaka kung'oa meno, anayetaka kupiga fidla.
Insha, umemaliza. Takwimu, umemaliza, tena kwa alama ya juu.
Historia uliihamisha kutoka chuo cha jioni,
nayo imepokelewa, ingawa iligharimu barua nne.
Sanaa: ulifinyanga bakuli.
"Linavuja," anasema.
Kuvuja kwa bakuli si kuvuja kwa krediti, namjibu.

Kimebaki kisanduku kimoja, cheupe kama jino:
sayansi ya asili, yenye maabara.

"Nina miaka arobaini na tisa.
Usiku nafua mashuka ya hospitali,
asubuhi nampeleka mjukuu shule.
Nataka kufunga hesabu za watu, nilipwe, nilale.
Niambie, jiwe litanisaidia nini kujaza fomu ya kodi?"

Hapo ndipo ninapotakiwa kutoa kijitabu.
Kina picha ya vijana wanaocheka kwenye nyasi
na maneno kama upeo, na uraia, na maisha yote.
Miaka kumi na sita nimekigawa.
Leo mkono umekataa kufungua droo.

Nikamwambia: sijui.
Walioipanga orodha hii hawakukujua wewe.
Walikaa kwenye kamati, kila mmoja akipigania idara yake
kama kuku wanaogombea punje,
na baadhi yao, kuku haohao, waliamini kweli
kwamba mtu si panga, anolewe upande mmoja tu.
Yote mawili yamo humu. Siwezi kukupepetea.

Akacheka kidogo, kwa pua.
Akauliza bei. Nikaitaja. Hakucheka tena.
Akatia sahihi kwa mkono wenye glavu.

Mwezi Machi, barafu ya ziwa ikianza kupasuka, alirudi.
Hakuwa na swali. Aliweka jiwe mezani,
jekundu, lenye michirizi ya kijivu, zito kuliko umbo lake.

"Baba alipakia haya melini miaka thelathini na mmoja.
Vumbi lake lilirudi naye kwenye mikunjo ya suruali,
mama akililaani kila Jumamosi kwenye beseni.
Hakuna aliyetuambia kuwa ni kutu.
Bahari ya zamani ilijaa chuma, profesa anasema,
kisha vijidudu vikaanza kutoa hewa,
hewa hii hii, na bahari nzima ikashika kutu,
kutu ikazama, tabaka juu ya tabaka.
Pumzi za kwanza kabisa za dunia.
Baba alikuwa akizikohoa pale jikoni."

Sikuwa na la kusema, kwa hiyo nilifanya kazi yangu:
niligeuza kompyuta, nikamwonyesha kisanduku.
Sasa kina neno dogo: inaendelea.

"Maabara inanila Jumanne nzima," akasema,
"na bado sioni inavyohusu kodi."
"Haihusu," nikasema.
Akavaa glavu zote mbili. Jiwe akaliacha.

Limekaa juu ya vijitabu.
Leo asubuhi ameingia kijana wa uuguzi, jina lake Tou Vang,
fomu yake ameikunja kwa hasira mpaka imekuwa kama kisu,
anataka kujua falsafa inamhusu nini
mtu atakayeshinda akitafuta mishipa ya wagonjwa.

Nikamwambia, shika hili kwanza,
nikaanza kutafuta faili lake.