Ukuta wa Bi Ackroyd

Gitaa nililipata duka la hisani, Mtaa wa Cavendish, Keighley,
kati ya kikaango na koti la mvua la mtu aliyekwisha kufa.
Pauni thelathini na tano. Uzi wa nne haukuwepo.
"Lina kelele hilo," muuzaji akanionya,
kana kwamba ananiuzia mbuzi.

Usiku ule nikalipapasa shingo.
Chuma cha tano kimelika, na cha saba, cha nane kidogo,
vingine vyote vizima kama meno ya mtoto.
Nikaelewa: mwenyewe alikuwa na kipande kimoja tu,
au alikuwa nacho kimoja alichokisahau kila siku.
Nikatia vidole vyangu mashimoni mwake.
Noti tisa. Roki ya zamani,
ya enzi za suruali pana na nywele mabegani.

Mkono wa kulia una shule yake.
Risha (neno la mjomba Shekue, mpiga udi,
aliyeniambia wanawake huimba, hawapigi),
risha ishuke, ishuke, ishuke tu,
isipande kwa uvivu.
Ubavu wa kiganja ulale juu ya nyuzi, karibu na daraja,
sauti ifungwe kifuani, dum, dum,
kama mtu anayegoma kusema kinachomkera.
Kisha kiganja kinyanyuke.
Haya, sema.

Wa kushoto ndio wa mateso.
Kidole cha pete kiupinde uzi mpaka noti ipande ngazi nzima;
yangu ilipanda robo, ikalia kama mlango wa choo.
Malengelenge. Yakapasuka. Ngozi ikachunika, ikaja sugu.
Ghalani, zamu ya alfajiri, nikaweka kidole kwenye mashine ya mahudhurio
na mashine ikasema hainijui.
Nilicheka peke yangu pale kwenye baridi,
wenzangu foleni nyuma yangu.

Alhamisi, saa mbili usiku, ukuta ukagongwa.
Ngo. Ngo.
Nikazima amplifaya, nikazima na taa.

Jumamosi nikamkuta anavuta pipa la taka,
Bi Ackroyd, miaka themanini na mitatu, kitambaa kichwani.
Nikaanza kuomba radhi. Alinitazama mdomo, si macho:
miaka ishirini na sita kwenye kiwanda cha sufu,
vitanda vya mfumi vilimla masikio
vikamlipa kusoma midomo.
"Tuni siisikii, mpenzi, hata chembe.
Nasikia kwa mgongo, nikiegemea ukuta.
Unakimbia.
Baada ya ile ya nne pana nafasi, na wewe unaiogopa.
Mashine yangu ikikimbia hivyo, uzi ulikatika."
Akaenda na pipa lake.

Basi metronomu sikununua.
Nilipiga polepole, mpaka aibu,
noti moja, pumzi, noti moja;
nikiparamia, ngo, ngo, narudi mwanzo.
Mbwembwe zangu zote, kutikisa uzi, kuuvuta mpaka ulie,
kwake hazikufika. Zilifia kwenye plasta.
Kilichovuka ni uzito tu, na mahali pasipo na kitu.

Jana nikazipiga zote tisa.
Baada ya ile ya nne nikaketi ndani ya kimya
kama mgeni aliyevutiwa kiti.
Mara moja. Mara kumi.
Ukuta haukusema neno.

Ningefurahi.
Lakini sikukumbuka kama asubuhi
pazia lake nililiona limefunguliwa.

Nikapiga tena, mbio, nikaikanyaga ile nafasi makusudi,
vibaya, vibaya kabisa,
nikazinyamazisha nyuzi kwa kiganja,
nikangoja.

Ngo.

Na kwa wakati wake hasa, si kabla:

ngo.