Nauli ya Mwaka Sitini na Nane

Helvi Rantala alifagia shule moja ya Thunder Bay
miaka thelathini na tisa,
na kila Ijumaa, buti zikidondosha theluji sakafuni petu,
alisukuma noti ya dola kumi chini ya kioo,
kwa aliyenitangulia, kisha kwangu.
Kumi. Si kumi na moja, hata mwezi wa Krismasi.
Alipostaafu akaja vilevile, na kumi yake.

Mimi ndiye niliyegonga muhuri.
Watu husema haba na haba hujaza kibaba,
nami mtu wa kaunta nasema methali hiyo
inajua kujumlisha tu.
Haijui kuzidisha.
Ndani ya kibaba cha Helvi haba ilizaa,
na mtoto wa haba hakungoja kubalehe,
akazaa naye,
mpaka bibi na kitukuu wakalala kitanda kimoja
na hakuna ajuaye nani alimleta nani.

Hesabu yenyewe fupi. Chukua sabini na mbili,
gawa kwa kiwango cha riba. Kwa sita unapata kumi na mbili:
miaka ya fedha kujirudufu.
(Mwaka mmoja tulitoa tisa, mwingine mbili na nusu.
Nasema sita ili tusichoshane.)

Faida ya kwanza: dola thelathini na moja, senti ishirini.
Miaka kumi na miwili: elfu nane na kitu.
Ishirini na minne: elfu ishirini na sita.
Mstari hulala chini muda mrefu
kama mgonjwa aliyegeukia ukuta,
na wengi humzika hapo.
Helvi hakumzika.
Mwaka wa arobaini na nane, riba ya mwaka huo peke yake
ilizidi noti zake zote za miaka kumi na minne
ya kusugua wino wa watoto kwenye madawati.

Kaka yake Urho aliijua mashine hiyohiyo kwa mgongo:
deni la dukani, asilimia ishirini na nne,
miaka mitatu tu, tayari limejirudufu.
Mashine haiulizi umesimama upande gani.

Machi, mwaka elfu mbili na tisa, barafu ingali ziwani,
alikuja Jumanne.
Sijawahi kumwona Jumanne.
Akaniuliza: mwaka sitini na nane
nauli ya kwenda Oulu na kurudi ilikuwa dola mia sita.
Nilikuwa nazo. Humu humu. Nikaziacha.
Sasa ni ngapi?

Nilibonyeza. Miaka arobaini na mmoja.
Elfu sita, mia tano arobaini na moja, senti sabini na mbili.
Nitolee, akasema.

Nilimhesabia noti sitini na tano za mia,
mbili za ishirini, sarafu ya dola moja,
na zile senti.
Akazihesabu upya, polepole, akilamba kidole,
akazipanga juu ya kaunta zikaenea,
foleni nyuma yake ikianza kukohoa.
Kisha akazikusanya zote, akazisukuma kwangu.

Ziweke.
Mama alikuwa akiniita, akasema. Barua tatu.
Nilitaka tu kuona amefikia kiasi gani.

Nimefundisha vijana watatu kazi hii.
Nawaambia: hii ni amana, hiki ni kiwango, huu ni muda,
na muda ndio hukaa juu, begani mwa namba,
mdogo kwa maandishi, mkubwa kwa matendo.
Wanaandika. Wanauliza kama kuna herufi nyingine.
Nawajibu hakuna.

Ijumaa ile alikuja kama kawaida.
Buti, theluji, kumi.
Nikagonga muhuri, wino ukakwama kidogo,
nikagonga tena.