Penye Neno Kama

Hakuja na pembe.
Hakuja na moshi wa kiberiti wala paka mweusi
wa hadithi za kututisha tulale mapema.
Alikuja saa tisa na robo usiku, mjini Gyumri,
theluji imeziba madirisha ya chini,
mimi nimeinamia tanuri hadi kifuani
nikibandika mkate mwembamba kwenye ukuta wa moto.
Akavuta gunia la unga, akaketi.
Alikuwa na daftari.

Tarehe zote alikuwa nazo.
Siku wifi yangu Zaruhi aliposema mbele ya kina mama wa kanisa
kwamba fedha za mazishi ya mavyaa zilipita mikononi mwangu
zikatoka zimekonda.
Siku nilipomsalimu, akaigeukia mishumaa.
Koti la kijivu alilovaa Pasaka:
"Umewahi kujiuliza limetoka wapi?"
Sauti yake haikukwaruza. Ilikuwa sauti yangu,
ila imelala usingizi wa kutosha,
imesomea sheria.
"Sikwambii umchukie," akasema. "Ukumbuke tu.
Kukumbuka si dhambi."

Na alisema kweli.
Hapo ndipo ulipotegwa mtego.
Nilizoea kumngojea mwongo,
sikujiandaa kwa karani.

Padri wetu Husik hupenda kuhubiri ngao na chapeo,
askari kamili, kisigino hadi utosi.
Mimi nilikuwa na aproni.
Nilikuwa na kulabu ya kuopolea mkate
na kitambaa kilichoungua kona.
Nikaanza ile sala tunayoisali hata usingizini,
ikateremka vizuri: jina, ufalme, mapenzi, mkate
(kwenye mkate nilicheka kidogo)
mpaka penye kusamehewa.
Neno linalofuata ni fupi, silabi mbili.
Ulimi ukagoma, punda mbele ya daraja.
Kama.
Kama sisi. Kama sisi nini?
Akalifunga daftari taratibu, kwa adabu.
"Usiseme usichomaanisha," akanishauri.
"Mungu hapendi unafiki."

Hasira ikanipanda, si kwa Zaruhi, kwake yeye:
kumtaja Mungu humu ndani, mbele ya unga wangu!
Mkate ukaanza kunuka.
Nikasema, "Toka. Nina kazi."
Si sala ya kuandikwa popote.
Kwa ukingo wa kiganja nikachora msalaba juu ya donge,
jinsi bibi Shoghakat alivyofanya
katika nyumba ya bati tuliyopewa baada ya tetemeko,
yeye aliyekuwa akisema:
adui mfukuze, ukishindwa mpite,
ila usimchemshie chai.

Alfajiri nikafunga mikate kumi kwa taulo,
nikavuka reli.
Alinifuata, sikatai.
"Atadhani umekuja kukiri." Huenda.
"Atasema umezidisha chumvi." Nimezidisha.
"Miguu yako imelowa." Hiyo niliijua mwenyewe.
Taa ya Zaruhi ilikuwa inawaka.
Pazia likasogea upana wa kidole, likarudi.
Mlango haukufunguka.

Nikakitundika kifurushi kwenye kitasa, bado kina joto,
nikalisema lile neno kwa sauti,
nikiuambia mlango, na theluji, na beseni lililoganda kizingitini:
kama.
Nikaimalizia sentensi yote.
Robo yake niliimaanisha.
Robo tatu niliziacha wazi, bila kuzipaka rangi,
maana anayeisikiliza sala hajawahi kunidai risiti.
Kisha nikarudi nyumbani, nikalala na viatu.

Jumapili Zaruhi alikaa upande wake, nami upande wangu.
Taulo langu nililikuta limekunjwa juu ya benchi.
Halikufuliwa. Lilikunjwa vizuri lakini.

Usiku akarudi na daftari lake, kurasa mpya,
akatazama huku na huku atakapoketi.
Lile gunia nilikuwa nimelifungua mapema.
Unga wote nilikwisha kuukanda.