Nyanda Nne

Ambakisye alikuwa anapasua springi ya lori,
cheche zinamrukia aproni, wala hazitazami.
Akauliza bila kuzima mashine:
Cha kazi gani, dada?
Nikasema: cha vitunguu.
Akalitazama koti langu la reli, vifungo vya shaba,
akavitazama viatu vyenye tope la Nzovwe:
Kitunguu cha saa nane usiku, hicho?

Sikucheka. Treni ya kutoka Kapiri haina adabu;
ikiandikwa saa mbili, inaingia saa nane,
na mkata tiketi hafungi dirisha
mpaka abiria wa mwisho apate gunia lake.
Kisha dakika ishirini na tano kwa miguu,
mikaratusi huku na huku, ukungu umelala njiani
kama ng'ombe asiyetaka kupisha.
Juni ile mtu alinivuta mkoba.
Mkoba tu, walisema kazini.
Mkoba tu.

Akaniwekea visu vitatu juu ya gunia.

Cha kwanza kilikuwa shibiri nzima na ushei,
bapa linang'aa hadi nikayaona meno yangu.
Nilikipenda kama unavyompenda mbwa wa jirani.
Lakini jaribu kukitoa kwenye koti la baridi,
chini yake sweta, chini ya sweta kanga:
kinakwama kwenye bitana, nawe umekwama nacho.
Tena, alisema Ambakisye, ukimnyooshea mtu kitu kirefu
umempa upande wa kushika.

Cha pili, kucha ya paka.
Hicho kinalala popote, hata kwenye soksi.
Ila kinataka nimngoje huyo mtu
mpaka nijue amekula nini,
mpaka pumzi yake iniloweshe shingo.
Nikakirudisha upesi.

Hapo ndipo nikaelewa ninachopimiwa.
Si chuma. Ni umbali.
Ni karibu kiasi gani,
mimi ninayeshinda dirishani nikisema karibu, karibu,
mpaka neno limeisha chumvi.

Bibi yangu alipimia maji ya wali kwa nyanda,
upana wa kidole, kimoja juu ya kingine.
Nikavilaza vidole vyangu juu ya kisu cha tatu:
shahada, cha kati, cha pete, kile kidogo.
Makali yakaishia pale kiganja kilipoishia.
Redioni wanatuita watu wa Nyanda za Juu.
Zangu ni nne, na mpini wa pembe ya ng'ombe.
Elfu kumi na mbili; akapunguza moja, akaongeza onyo:
Usikitoe kama hujaamua.
Nitajuaje kama nimeamua?
Akawasha mashine.

Miezi kumi nilitembea nacho.
Kilitoboa mfuko, nikashona, kikatoboa tena.

Aprili, umeme umekatika Iyunga yote,
nyuma yangu hatua.
Nikisimama, zinasimama.
Nikageuka, mkono umeshazama mfukoni.
Nani?
Sikujua!
Hukujua nini?
Jina, mwenzangu, jina langu! Sikujua,
yule wa uji, pale malori yanapolala!
Na pembeni ya ndoo yake kitu kikamemeta.

Tukaviweka juu ya kifuniko, tukamulika kwa simu.
Chake kilikizidi changu nyanda mbili
na kilikuwa butu kama mwiko.
Wiki tatu alikuwa ananifuata, alisema,
kwa sababu anaogopa kutembea peke yake
na mgongo wangu unaonekana unajua njia.
Mgongo wangu!
Tulicheka hadi mbwa wa Kalobe wakaamka.

Siku hizi treni ikichelewa anakuja kukaa dirishani.
Chake kinamenya viazi. Changu kinapasua parachichi,
nusu yake, nusu yangu, kokwa kwa anayewahi.

Lakini Jumapili, watoto wakiwa kanisani,
nakipitisha kwenye jiwe, upande huu, upande ule,
na lile tundu la mfukoni
sijalishona.