Koleo

Nimekuja na futi ya kupimia, kalamu,
na fomu ya kurasa sita.
Fomu inauliza: *Je, anaweza kuinua kilo ishirini?*
Ndiyo. Hapana. Weka alama.
Gocha ameketi juu ya gunia la unga,
mkono wa kulia kautia mfukoni
kama mtu aliyeficha barua.

Kutaisi, Novemba, saa kumi na moja alfajiri.
Mvua imeng'ang'ania madirisha.
Tanuri lao ni la udongo, limeshuka chini kama kisima,
na mwokaji huinama hadi kiunoni
ndani ya mdomo ule wa moto,
hubandika donge ukutani, kofi moja,
kisha huinuka kabla joto halijamkumbuka.
Miaka ishirini na mitatu Gocha aliinama, akainuka.
Halafu Februari, barafu,
ngazi za nyumbani kwake mwenyewe,
ndoo ya makaa mkononi,
na bega likaaga mahali pake.

Waliosema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi
hawakutuambia mhunzi afanyeje
koleo likiwa mkono wake.

Basi napima.
Sakafu hadi mdomo wa tanuri: sentimita themanini na nne.
Nasema, tukiweka jukwaa la mbao hapa, utainama kidogo.
Nasema, gunia la hamsini ligawanywe huko huko stoo.
Nasema, wiki ya kwanza, saa mbili tu kwa siku.
"Saa mbili?" anacheka puani.
"Chachu yenyewe inataka tatu."

Lamara, mwenye duka, anasikiliza huku akihesabu sarafu.
Hakatai. Anauliza tu
nani atamlipa Bachana,
kijana aliyeshika nafasi miezi tisa,
ambaye mama yake naye anakula.
Ni swali la haki.
Fomu haina kisanduku chake.

Ukutani kuna msumari mtupu.
Aproni ya Bachana inaning'inia kwenye kitasa cha mlango,
na kila anayeingia huipiga kumbo ikaanguka,
naye huiokota, huirudisha kitasani.
Miezi tisa.
Hilo pia sikuulizwa.

"Nionyeshe," namwambia Gocha.
Anautoa mkono. Unapanda hadi begani,
unatetemeka, unafika sikioni.
Unaweza. Daktari hakudanganya.
Anachukua donge la unga, anakwenda,
na hatua moja kabla ya moto, anaganda.

Tunasubiri. Unga unaanza kumtiririka vidoleni.

"Si bega," anasema bila kugeuka.
"Zamani nilikuwa sifikirii.
Sasa nafikiri."

Ninayo maneno ya saa kama hii, nilifundishwa,
yamo kwenye daftari la bluu.
Sikuyafungua.
Bachana aliweka chini mti wake wa kuopolea mikate,
akapita nyuma ya Gocha,
akamshika mkanda wa suruali kwa mikono miwili
kama anavyoshikwa mtoto dirishani.
"Hivi ndivyo ulivyonishika mimi," akasema,
"wiki ile nilipoanza. Nenda."

Akaenda.
Donge la kwanza likadondoka makaani,
duka zima likanuka kuungua.
La pili likashika, limepinda,
likatoka kama kiatu kilichokanyagwa na gari.
Lamara akaligeuza huku na huku,
akalipanga mbele kabisa kwenye rafu:
"Bei ile ile."

Nimerudi kwenye fomu.
Kilo ishirini? Hapana.
Jukwaa, ndiyo. Magunia madogo, ndiyo.
Na pale chini, *vifaa vingine vinavyohitajika*,
nimeandika kwa herufi zangu mbovu:
*mtu wa kumshika mkanda, siku za mwanzo.*
Gharama: nimepiga mstari.

Jumatatu wataniita ofisini
waniulize hicho ni kifaa gani
na kinauzwa wapi.