Kabla Ardhi Haijafunga

Aliipanda kwa kuchelewa, wiki ya mwisho ya Septemba:
peoni kumi na moja, na miche mitatu isiyojulikana jina,
iliyong'olewa Võru kwenye ua wa dada yake
siku moja kabla wanunuzi hawajakabidhiwa funguo.
Ilisafiri kwenye kiti cha nyuma cha gari langu,
ndani ya magunia ya viazi, imefungwa mkanda.
Yeye anaitwa Hilja. Kwa lugha yetu neno hilo
ni "kwa kuchelewa". Alicheka mwenyewe:
"Basi. Kawia ufike."

Oktoba nzima nilimwona akimwagilia,
ndoo mbili kila jioni isiyo na mvua,
polepole, kama anayemnywesha mgonjwa kwa kijiko.
Nikamwuliza: majani yamekwisha kukauka,
unamwagilia nini?
Akasema: mizizi haijui kwamba majani yamekufa.
Huko chini bado inatafuta njia.

Samadi ya kuku niliyomletea aliirudisha na gunia lake.
Ukimshibisha sasa, atachipua,
na akichipua, baridi itamkuta uchi.
Mabua pia hakuyakata.
Majirani walikwisha kufyeka, bustani zao
zimenyolewa kama vichwa vya makuruti;
yake ilisimama ovyo, nyeusi,
ikisubiri kuinasa theluji.

Novemba tarehe sita sakitu iliuma nyasi.
Nikafika na matawi ya msonobari, mkokoteni tele.
"Bado."
Tarehe kumi na moja: bado.
Alitoka na bisibisi ya marehemu mumewe,
akaidunga ardhini, ikazama hadi mpini.
"Ina roho laini hii."

Mimi nilidhani blanketi hutangulia baridi.
Nani humfunika mtoto baada ya meno kugongana?
Akaketi juu ya ndoo aliyoigeuza,
akanieleza bila kunitazama:
Si joto ninalotaka kuwapa.
Jua la Februari ni rongo. Siku tatu huichekea ardhi,
ardhi ikalegea, usiku ikakaza,
ikalegea, ikakaza,
hata mche ambao haujashika hutemwa nje
kama jino la utoto.
Nawafunika wasidanganywe.
Baridi yao waachiwe, mpaka iishe yenyewe.

Dada yake, Salme, alizikwa Agosti.
Watu walikuja siku ileile, na keki, na maua,
na maneno yaliyopashwa moto njiani.
Aliwashukuru mlangoni.
Sasa ni Novemba na hakuna anayekuja.
Hilo sikulisema. Nilishika mkokoteni,
nikarudi nao nyumbani.

Tarehe ishirini na tatu bisibisi iligoma.
Ti! kama imekutana na bakuli.
Alinigongea dirisha saa tisa na nusu alasiri,
giza limekwisha kuingia, taa ya kichwani inamulika pumzi yake.
Kwanza majani makavu ya mwaloni, kiganja baada ya kiganja,
yasiyalemee macho mekundu ya peoni.
Juu yake matawi, migongo ikitazama mbingu.
Kila mmoja kijiti chake cha buluu:
"Aprili nina haraka, nisije nikawakanyaga."
Mche mmoja katika ile mitatu
ulikwisha kuinuka, shingo nje, mizizi miwili hewani.
Hakuusukuma. Aliurundikia udongo wa ndoo
aliokuwa ameuficha jikoni usigande,
akaufunika kama wenzake.
"Huyu," alisema, "sijui."

Ndani alibandika chai. Vidole vyangu havikuhisi kikombe.
Akafungua friza, akatoa kitu kilichoviringwa kitambaa:
keki ya Agosti, nzima, haijaguswa kisu.
Alikata vipande viwili vinene.
Katikati bado palikuwa na barafu.
Tuliila hivyohivyo, taratibu,
na nje kitu kikaanza kutua juu ya mabua.