Kabla ya Zamu

Saa kumi na dakika arobaini, Patra bado giza.
Garifalia hagusi simu.
Simu ataishika kutwa: ndiye anayewapokea
wanaoomba ambulensi.

Kwanza maji, ya baridi, usoni, mara tatu,
si kwa adhabu, ila mwili ujue umeamka na nani.
Kisha kibirika cha shaba, vijiko viwili vya kahawa,
na kazi moja tu: kuitazama.
Ukiipa mgongo, povu hupanda likamwagika,
na jiko halijui samahani.

Chini ya dirisha, mti wa machungwa machungu
unaangusha matunda juu ya magari.
Hakuna anayeyala. Mti haujauliza.

Halafu anakaa, anawahesabu wageni wa siku:
mlevi atakayemtukania mama,
mtoto anayechezea namba,
mume aliyesahau anwani ya nyumba yake,
na yule ambaye gari halitamfikia.
Mgeni njoo, mwenyeji asishtuke.

Nyuma ya bili ya umeme kachora mstari.
Huku: sauti yangu. Swali linalofuata. Anwani, herufi kwa herufi.
Kule: mvua, foleni ya darajani, moyo wa mtu.
Kule kumejaa hadi pembeni.

Zamani, nchi hii, watu walikaa barazani
wakafundishana mambo haya.
Yeye kafundishwa na Kiriakula wa zamu ya usiku,
aliyestaafu na mgongo mbovu,
na vitabu alivitumia kuinulia kiti.

Lakini leo gesi imekata, kahawa haijapanda.
Na jana, saa tisa, msichana wa kule milimani
alihesabu naye akimkandamiza babu kifuani,
moja, mbili, hadi thelathini na mbili,
kisha laini ikabaki wazi
na upande wa pili hakuna aliyehesabu.

Anaishika bili.
Thelathini na mbili: si ya huku. Kule nako haikai.
Anaiandika juu ya mstari wenyewe,
wino unakwaruza karatasi.

Anainywa kahawa vuguvugu, na unga wake.
Anafunga viatu, cha kulia, cha kushoto,
kamba ya kushoto mara mbili, kama kila siku.

Nje, chungwa moja limelala kwenye kioo cha gari.
Analitia mfukoni. Halina kazi.
Linanukia njia nzima.